Difu Lililofundishwa Kupumua

Mwangangi hakuwa mwongo. Angekuambia hivyo mwenyewe, na mkewe Kaluki, kule Mbumbuni, angekuapia. Hakuuza mafuta ya tajiri wake kando ya barabara, hakubeba abiria wa kificho, hakunywa. Ila kulikuwa na neno moja ambalo kinywa chake hakikulizoea, nalo ni "hapana". Akiombwa kupeleka simiti mahali pasipo na njia, alisema "tutaona". Akiambiwa apakie mbuzi wengine juu ya wale waliokwisha kubanana, alisema "tujaribu". Kisha, saa ya kutenda ilipofika, gari lilikataa kwa niaba yake.

"Gari imekataa." Ndivyo wasemavyo madereva wa Ukambani, na hakuna anayemlaumu mtu kwa ukaidi wa chuma. Gari likikataa, mzee haaibiki, mchungaji hanuni, mwenye mali hapandishi sauti. Watu hutikisa vichwa, hutafuta kivuli, na heshima ya kila mmoja hubaki mahali pake. Mwangangi alikuwa ameendesha Landikruza ya Dubow Kusow, mfanyabiashara wa mifugo mjini Kitui, tangu nywele zake zikiwa nyeusi bado. Katika muda huo wote Landikruza ndiyo iliyokuwa mkaidi, yeye mpole. Upole ni sifa njema. Lakini upole unaojificha nyuma ya chuma ni woga uliovaa nguo za Jumapili, na moyoni mwake Mwangangi alilijua hilo, ndiyo maana alikuwa mtu aliyechoka siku zote.

Mahali gari lilipomfaa zaidi ni kwenye mto Kamukuyu, upande wa mashariki, njia ya kwenda kwenye soko alikonunulia Dubow mbuzi wake. Kamukuyu ni mto wa mchanga. Karibu mwaka mzima unauvuka umefunga vioo kwa sababu ya vumbi. Halafu mvua inanyesha huko juu Migwani, ninyi mko juani mnapangusa jasho, na mara mnasikia ngurumo isiyo ya mawingu: maji mekundu yanashuka yakiviringisha magogo, na mto uliokuwa barabara unakuwa mto.

Mwangangi akifika hapo akakuta maji asiyoyapenda, alizima injini, akaingia chini ya gari, akagusa difu kwa kiganja, akatoka akitikisa kichwa.

"Bado ni moto," alisema. "Ikiingia majini hivi itakunywa maji. Tungoje ipoe."

Wala hakudanganya. Difu la gari, lile bakuli la chuma lililo katikati ya ekseli, lina kitundu kidogo juu yake cha kupumulia. Gari likikimbia, mafuta yaliyomo hupata joto, hewa hutanuka na kutoka kwa kitundu hicho. Ukiliingiza ghafla kwenye maji baridi, hewa hujikunja, na difu huvuta pumzi kama mtu aliyemwagiwa maji mgongoni. Kama kitundu kimefunikwa na maji, kinachovutwa si hewa tena. Kwa hiyo abiria walingoja. Walilalamika, walitafuna miraa, walinunua mahindi ya kuchoma. Na difu lilipopoa, mara nyingi mto nao ulikuwa umepungua. Nusu ya kungoja huko ilikuwa kwa ajili ya difu. Nusu ya pili ilikuwa kwa ajili ya Mwangangi.

Hata hivyo difu lilikunywa. Mvua za mwezi wa nne zilipokwisha, Landikruza ilianza kulia nyuma kama mbwa aliyefungiwa nje, na Mwangangi akaipeleka gereji kwa Kiilu, fundi wake wa siku zote, nyuma ya soko la Kitui. Kiilu alifungua skrubu ya chini, na badala ya mafuta meusi kikatoka kitu cha rangi ya chai ya maziwa.

"Karibu kiamsha kinywa," alisema Kiilu. "Sukari mtaweka wenyewe."

Dubow alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, mwenye ndevu zilizopakwa hina, na hakupenda mzaha juu ya mali yake. "Kila mwaka ni hii chai," alisema. "Kila mwaka tunangoja pale mtoni kama kuku wa kuuzwa, na bado inakunywa. Hakuna dawa?"

"Dawa iko, Bwana Dubow. Tunaifundisha kupumua kama twiga."

Mwangangi alikuwa amekaa juu ya tairi kuukuu. Aliinua kichwa.

Kiilu alieleza huku akifuta mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono yenyewe. Angeng'oa kile kizibo cha kupumulia kwenye kila difu, la mbele na la nyuma, na kwenye giaboksi zote mbili, kubwa na ndogo. Mahali pake angefunga paipu ya mpira, aipitishe kando ya chesisi, aiache imelegea kidogo ili ekseli ikicheza isiikate, halafu aipandishe mpaka juu kabisa chini ya boneti, mdomo ukitazama chini na chujio dogo la kuzuia vumbi. Difu lingekuwa chini majini, pua yake juu karibu na kioo.

"Kwa hiyo hakuna kungoja ipoe?" aliuliza Dubow.

"Difu haitavuta maji, iwe moto, iwe baridi."

"Umesikia, Mwangangi?"

"Nimesikia, Baba Ismahan," alisema Mwangangi, akimwita kwa jina la mtoto wake kama siku zote.

"Hakuna tena 'bado ni moto'."

"Hakuna," alisema Mwangangi, na Kiilu, aliyemjua, alimtazama mara moja tu kisha akageukia spana zake.

Kazi ilipokwisha, Kiilu alifungua boneti kumwonyesha zile paipu nne nyeusi, zimefungwa pamoja kwa unadhifu kama fito. "Mwanaa-mwaitu," alisema kwa sauti ya chini, akimwita kama ndugu wa tumbo moja, "mbona unaziangalia kama nyoka?"

"Ni kazi nzuri."

"Najua ni kazi nzuri. Nauliza uso."

Mwangangi alifunga boneti polepole. "Ni uchovu tu," alisema.

Ulikuwa uchovu kweli. Alikuwa ametimiza umri ambao wenzake wa Mbumbuni walikuwa wakikaa na maembe yao na vikao vya kanisa, naye bado alikuwa akilala vyumba vya kukodi, akifika nyumbani mwisho wa mwezi kama mgeni anayejua jina la mbwa. Alikuwa amechoka mgongo, magoti, na macho. Zaidi ya yote alikuwa amechoka kupanga maneno. Mtu anayesema ukweli husema mara moja akalala. Mtu wa visingizio hana budi kukumbuka alichosema jana.

Mvua za mwisho wa mwaka zilianza vibaya, nyingi juu na chache chini. Asubuhi moja, Mwangangi akiwa bado anakunywa chai kibandani, simu yake ililia kwa namba ya Dubow, lakini sauti haikuwa ya Dubow. Ilikuwa ya mkewe, Hamdi.

"Mwangangi, kuja na gari. Awo ametutoka."

Awo alikuwa mama yake Dubow. Alikuwa akiishi kwa Mowlid, mdogo wake Dubow, mwenye duka kule sokoni ng'ambo ya Kamukuyu. Alifariki baada ya sala ya alfajiri. Kwa Waislamu maiti hakai, na Mowlid alikuwa amesema mazishi ni adhuhuri. Dubow, aliyekuwa mtoto wa kwanza, alitaka kumteremsha mama yake kaburini kwa mikono yake. Hakutaka kitu kingine chochote duniani siku hiyo. Alikaa mbele, kofia mapajani, Hamdi nyuma na tasbihi yake, na Mwangangi akaendesha kwa kasi ambayo hakuipenda, kwenye barabara ya udongo mwekundu, chini ya anga safi lisilokuwa na hata wingu moja.

Waliusikia mto kabla ya kuuona.

Maji yalikuwa yameufunika mwamba ambao wanawake hufulia nguo juu yake, na yalikuwa yakipita kwa haraka, mazito, yamebeba matawi na povu la rangi ya kahawa. Ng'ambo ilionekana vizuri kabisa, na hilo ndilo lililouma: mtu wa upande ule alikuwa amekaa juu ya pikipiki yake, unaona hata rangi ya koti lake. Upande huu, mchimba mchanga mmoja aitwaye Kasyoki alikuwa ameketi juu ya koleo lake, akiuangalia mto kama mtu aliyefukuzwa kazini.

"Imeanza saa ngapi?" Mwangangi alimuuliza.

"Tangu alfajiri. Migwani inanyeshewa."

"Inapungua?"

"Inafikiria."

Mwangangi alishusha sauti. "Na hapo katikati? Mlichimba?"

Kasyoki alikuna shingo. "Wiki yote malori yamechukua mchanga. Wapi hasa, siwezi kukuonyesha sasa. Tulichimba penye mchanga mzuri. Mashimo ya kumzika ng'ombe."

Dubow alikuwa ameshuka. Alitembea mpaka ukingoni, akasimama mpaka maji yakagusa viatu vyake, akarudi.

"Ni ya kiunoni," alisema. "Twende."

"Difu ni..." alisema Mwangangi, na kinywa chake kikabaki wazi. Neno lilikuwa limetoka lenyewe, kama ng'ombe anavyorudi boma la zamani lililokwisha kubomolewa.

"Difu ni nini?"

"Ni... ngoja niangalie klachi kidogo."

Aliingia chini ya gari. Huko kulikuwa na kivuli, na mchanga ulikuwa wa baridi mgongoni, na kwa muda alilala tu, kama mtu aliyepata kitanda. Juu ya uso wake paipu ya difu la nyuma ilipita ikiwa imelegezwa kwa kipimo kizuri, imefungwa kwa klipu ya Kiilu. Alinyoosha mkono akaishika. Angeivuta mara moja tu ingechomoka. Angetoka nayo mkononi, akaionyesha, akasema, "Tazama, Baba Ismahan, imekatika." Dubow angemlaani Kiilu, wala si Mwangangi. Wangekaa kivulini. Dubow angemkosa mama yake, lakini angekoseshwa na chuma, na chuma hakina uso wa kuchukiwa.

Kando ya gurudumu aliona viatu vya Hamdi. Alisikia pia sauti yake, akisoma dua kwa kunong'ona, bila kukoma. Mama huyu alikuwa akimwomba Mungu huku akiamini kwamba chini ya gari kuna mtu anayemtengenezea njia.

Mwangangi aliiachia paipu. Alihisi haya, haya ya mtu aliyekutwa na mkono katika mfuko wa maiti. Mtu aliyefiwa humpi uongo. Humpi hata uongo mdogo, hata wa kumwokoa. Hana nguvu ya kuuchunguza, na kumdanganya asiyeweza kuchunguza ni kumwibia mara mbili.

Alitoka akipangusa mchanga.

"Klachi ikoje?" aliuliza Dubow.

"Klachi ni nzima. Difu ni nzima. Paipu zote ziko sawa. Gari haina shida yoyote. Mimi ndiye ninakataa."

Dubow alimtazama kama aliyesikia mbuzi akisema. "Unakataa nini?"

"Kuvuka. Chini kuna mashimo ya mchanga na hatuyaoni. Gurudumu likiingia moja, gari inalala ubavu. Mimi sitamweka Mama Ismahan ndani ya maji hayo. Wala wewe."

"Mimi nimekuambia twende."

"Nimesikia."

"Nilitengeneza hii gari kwa sababu ya mto huu!"

"Ulitengeneza difu, Baba Ismahan. Mto haujatengenezwa."

"Unanifundisha?" Sauti ya Dubow ilipasuka. "Hooyo, mama yangu, analala pale kwa sanda, ananingoja mimi, na wewe unanihubiria? Miaka yote hujawahi kuniambia hapana. Leo ndiyo umechagua? Leo?"

"Ningekuwa nimekuambia zamani, leo isingekuwa nzito hivi," alisema Mwangangi. "Hiyo ni makosa yangu. Lakini hapana ni hapana."

"Kama ingekuwa mama yako?"

"Ningekaa hapa hapa. Ningelia, lakini ningekaa."

"Nipe ufunguo."

Mwangangi aliutia ufunguo katika mfuko wa shati na kufunga kifungo. "Gari ni yako. Kesho unaweza kunifukuza, sitauliza sababu. Lakini ufunguo huu hauingii mtoni saa hii."

Kasyoki aliinuka, akabeba koleo lake, akasogea mbali. Kuna ugomvi usiofaa kuangaliwa. Dubow alipiga hatua moja mbele, na kwa kitambo ilionekana kama atamshika mzee mwenzake shati. Hamdi ndiye aliyesema.

"Dubow. Hooyo ameshafika alikokuwa anaenda. Sisi ndio bado tuko njiani."

Dubow alitoa simu, akampigia Mowlid, akazungumza Kisomali kwa sentensi fupifupi. Mowlid aliahidi kusubiri mpaka alasiri, si zaidi. Basi wakakaa. Hamdi alitandika mkeka chini ya mgunga. Dubow alikaa juu ya jiwe peke yake, mgongo kwa Landikruza na kwa dereva wake. Mwangangi hakuthubutu kukaa kivuli kimoja nao. Alisimama juani kando ya boneti, akishuka kila mara kwenda kuchomeka kijiti ukingoni ili kuona kama maji yanashuka. Yalishuka kidogo. Kisha mvua ya Migwani ikaleta mengine, na vijiti vyote vikazama.

Hakuna gari lililojaribu kuvuka, likachukuliwa, likamthibitisha. Hakuna lililojaribu likafika, likamwaibisha. Kulikuwa na maji tu, na jua, na mtu wa ng'ambo aliyewasha pikipiki yake akaenda zake. Ndivyo ilivyo kwa maamuzi mengi ya haki. Hakuna anayekuja kukupa cheti.

Alasiri simu iliita. Dubow alisikiliza, akasema neno moja, akaizima. Alitawadha kwa maji ya mtungi waliobeba garini, akaelekea kaskazini, na Hamdi akasimama nyuma yake. Wakamsalia Awo wakiwa ng'ambo isiyo yake. Mwangangi alivua kofia. Hakujua maneno yao, na ya kanisani kwake yalimkaukia. Alisimama tu, kichwa chini. Alipoinua macho, Dubow alikuwa amekwisha kumaliza, lakini alikuwa bado amesimama, viganja wazi mbele yake, kana kwamba alikuwa akipokea uzito wa mtu.

Jua lilipoinama mto ulianza kurudi nyuma kwa kweli. Mwamba wa kufulia ulitoa kichwa, kisha mabega. Mwangangi alikunja suruali, akachukua fimbo, akaingia. Alivuka hatua kwa hatua, akichoma mchanga mbele yake, kushoto na kulia, akarudi kwa mstari mwingine. Fimbo haikuzama popote. Shimo alilolihofia hakulipata. Huenda mto ulikuwa umelijaza, huenda lilikuwa mahali pengine, huenda halikuwepo kabisa mahali pa kupita. Angeweza kunyamaza. Alirudi maji yakimchuruzika, akasimama mbele ya tajiri wake.

"Chini ni kugumu," alisema. "Sikupata shimo."

Dubow aliiangalia fimbo iliyolowa. "Hukupata."

"Hapana."

Walipanda garini. Landikruza iliingia majini, ikapumua kwa juu, ikatoka upande wa pili bila kikohozi. Hakuna aliyesifu.

Kaburi lilikuwa udongo mbichi bado. Dubow alichuchumaa kando yake mpaka Hamdi alipomgusa bega. Nyumbani kwa Mowlid wanaume walikuwa wamekaa kwenye majamvi uani, chai ikizunguka. Mowlid alikuwa na macho mekundu na ulimi wa mtu aliyebeba siku nzima peke yake.

"Walaal," alimwambia kaka yake mbele ya wote, "Landikruza nzima, na paipu juu mpaka kwa kioo, umetuambia hata baharini inaingia. Nini kimewashinda?"

Dubow alizungusha kikombe chake.

"Tulingoja," alisema.

Lilikuwa neno pana, na Mwangangi, aliyekaa mwisho wa jamvi karibu na viatu, alijua kwamba limetandazwa kumfunika na yeye. Angeweza kulala ndani yake. Wakati wote wa maisha yake alikuwa amelala ndani ya maneno kama hayo. Mgongo ulimuuma, na hakuna alichotaka kama kunyamaza.

"Mowlid," alisema, na sauti yake ilitoka ndogo kuliko alivyokusudia. "Usimlaumu ndugu yako. Yeye alitaka kuvuka. Gari ilikuwa sawa. Mimi ndiye nilikataa."

Vichwa viligeuka. Mzee mmoja aligonga ulimi. Mtu aliyekuwa akimimina chai alipita kwenye kikombe cha Mwangangi bila kukijaza, iwe kwa makusudi au kwa kusahau, na Mwangangi hakukiinua kuomba.

Baadaye kidogo, watu walipoinuka kwenda kwenye sala ya magharibi, Dubow alipita mahali alipokaa dereva wake. Alisimama, akitafuta viatu vyake kwa mguu kati ya viatu vya watu. Tangu wafahamiane, yeye ndiye aliyekuwa akisema saa ya kuondoka, na Mwangangi akiitikia.

"Kesho," alisema, bila kumtazama usoni, "tutaondoka saa ngapi?"

Mwangangi alifikiri. "Sijui bado. Nitaenda kuangalia mto kwanza."

"Haya," alisema Dubow. Akavaa viatu, akaenda kusali.

Mwangangi alibaki na kikombe kitupu. Baada ya muda Hamdi alitoka jikoni na birika, akamjazia mwenyewe, mpaka juu.